Masikio ya Mzagila na Kikombe cha Kwanza

Bibi Mwanakhamisi, mshauri wetu wa gazetini,

Kamwene, na kama huko Mbeya mnaamkiana vingine basi pokea shikamoo yangu, nakuandikia kwa sababu nimesoma majibu yako mengi na nimeona huogopi mtu, na mimi jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, maana wale ambao ningewaambia ndio hao hao wenye jambo.

Mimi ni Sajini Edmund, nilikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, nimepigana Burma na nimerudi na medali, na sasa nakaa kwetu upande wa Kilolo, ambako jumbe wetu, sisi tunamwita mzagila, aliniita mwaka jana akaniambia, "Sajini, masikio yangu yameoza, yasafishe." Nieleze kwa wasomaji wasio wa Iringa. Mzagila ana wazee watatu ambao kazi yao ni kukaa penye watu, vilabuni, misibani na kwenye kazi za kualikana, wasikie yanayosemwa kisha wampelekee, naye akiona neno ni zito hulifikisha bomani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali. Watu wanawaita masikio. Kazi yenyewe ni ya kurithi, baba alikuwa sikio na mwana ni sikio, na mkubwa wao ni Mzee Sedekia, ndugu wa mama yangu, yaani mjomba aliyenilea baada ya baba kufariki na kunisindikiza mpaka Iringa nilipokwenda kujiandikisha jeshini.

Basi nikaanza kazi kijeshi, Bibi, maana mimi sijui njia nyingine, nikawapanga mstari mbele ya baraza kila asubuhi, nikawafundisha mguu sawa na mguu pande na kupiga saluti, nikawapa kofia za kaki, nikakataza porojo, kila habari isemwe kwa kifupi, nani, wapi, pamoja na nani, na mzagila akafurahi akasema sasa nina kikosi. Nidhamu imeingia, hata wewe ungeona ungesifu. Ila siku moja niliingia kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na masikio wangu wawili walikuwa wamejichanganya na wanywaji wakifanya kazi yao, waliponiona wakaruka wakasimama mguu sawa na kupiga saluti, vikombe mkononi, ulanzi ukawamwagikia vifuani, na kilabu kizima kikacheka hadi wengine wakatoka nje kushika mbavu. Nilikasirika, lakini moyoni nikasema angalau wametii. Mimi mwenyewe watu wananiheshimu, sisemi kwa majivuno, nikipita kilabu chochote au penye kazi yoyote ya kualikana kikombe cha kwanza huletwa kwangu, hata kama sikualikwa, kwa sababu ya zile medali.

Sasa shida ni hii. Kuna mtu anaitwa Liberatus, seremala, mtu wa misheni, hana maneno mengi. Masikio wote watatu wameleta habari moja, kwamba kwake watu wanakusanyika, wanakula kiapo, wanataka kumwondoa mzagila, na waliisema vizuri kabisa kama nilivyowafundisha, nani, wapi, pamoja na nani. Mzagila ameamini. Katika baraza lijalo anataka kumhamisha Liberatus na mkewe Severina waende huko Usangu, upande wa Rujewa, wakati mvua zimeshika na mahindi yao yamefika magotini, na wakiondoka sasa wanaondoka mikono mitupu.

Mimi sipeleki habari ambayo sijaiona, nikaenda mwenyewe. Nilikuta nini? Nilikuta mgowe, ile kazi yetu ya kualikana, majirani wanapalilia shamba la Liberatus wakiimba na kutaniana, hakuna kiapo wala nini. Severina aliacha kila kitu akaniletea kikombe cha kwanza, akapiga magoti, mkono ukimtetemeka hata ulanzi ukamwagika kidogo, nikanywa, na Liberatus akanigeuzia mgongo akaendelea kupalilia, nikaona ni utovu wa adabu lakini nikamsamehe. Nikamwuliza Severina kwa nini wazee wanamchukia mumewe.

"Afande, shida yake moja tu," akasema. "Kile kikombe ya kwanza hawapi."

"Kikombe gani?"

"Ya sikio. Ukialika watu, ya kwanza inaenda kwa sikio. Akishakunywa, basi wewe ni mtu mzuri. Huyu bwana anasema ya kwanza ni ya mtu amelima. Ndiyo wamemkasirikia hivyo."

"Na watu wote wanajua hii?"

"Watu wote, Afande. Hata baba yake na Sedekia alikuwa hivyo hivyo. Wewe ndiyo umekuja kuwapanga mstari."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Hakukana, Bibi, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia, "Mwanangu, baba yangu alikinywa, na mimi nakinywa. Nyumba iliyokulea ilisimama kwa sababu ya kile kikombe, watu walituogopa ndiyo ukala ukashiba. Ukisema barazani, usiniite mjomba tena." Nimempenda mzee huyu kama baba, na usingizi umenipotea.

Nikisema kweli mjomba ataaibika mbele ya watu wote, nikinyamaza Liberatus anang'olewa na mahindi yake yanabaki kuliwa na nguruwe mwitu. Nimefikiri pia kuwafukuza masikio wote na kuandika wenzangu wa Keya, vijana wenye nidhamu. Nianze na lipi? Mimi si mtu wa kushindwa, nataka amri tu.

Wako mtiifu,
Sajini Edmund, Kilolo


BI. MWANAKHAMISI ANAJIBU

Marahaba, Sajini. Umetaka amri na utaipata, lakini niruhusu kwanza nimalize kucheka. Wapelelezi wa kofia za kaki! Wanapangwa mstari mbele ya baraza kila asubuhi, kisha wanatumwa wakajifiche kilabuni! Mwanangu, paka anayewinda havalishwi kengele. Barua yako nimeisoma sokoni hapa Mbeya, mwenzangu Siwema muuza vitambaa akaniuliza nalia nini, nikampa asome, tukalia wawili.

Haya, nimemaliza. Sasa tuongee kama watu wazima.

Kwanza nakupa haki yako. Uliletewa uongo uliopangwa vizuri, nani, wapi, pamoja na nani, na mkuu wako ameshauamini. Wengi wangepiga saluti wakaenda kulala. Wewe ulikwenda mwenyewe shambani ukaangalia kwa macho yako. Siku ile ulikuwa askari kweli, na kwa hilo peke yake naamini kazi hii unaiweza. Na uchungu wako juu ya mjomba ni wa haki, mtu hakatwi na aliyemlea asitoke damu.

Lakini nyani haoni kundule, Sajini. Rudia barua yako pale ulipoandika kwamba kila upitapo kikombe cha kwanza huletwa kwako. Unasema ni kwa sababu ya medali. Medali gani? Hao wakulima wa Kilolo wana habari gani na Burma? Kikombe hicho kinaletwa kwako kwa sababu wewe ndiye sikio kubwa kuliko yote. Mama wa watu amepiga magoti, mkono unatetemeka, nyumba yake inataka kuvunjwa, na wewe umepokea, umekunywa, ukafuta midomo, ndipo ukamwuliza kwa nini wazee wanamchukia mumewe! Na yule uliyemsamehe kwa utovu wa adabu, yule aliyekugeuzia mgongo, ndiye peke yake aliyekwambia kweli juu yako mwenyewe siku ile.

Nimekasirika kidogo, nisamehe, ila sitafuta neno.

Mzagila alikwambia masikio yameoza. Wewe ukayavalisha kofia. Umewanyoosha wazee migongo, makoo hukuyagusa, na ugonjwa uko kooni. Ndiyo maana sitaki hata kusikia habari ya kufukuza wote na kuandika wenzako wa Keya. Wakiingia leo, kesho wataletewa kikombe, na vijana wana kiu kuliko wazee. Utakuwa umebadilisha wanywaji tu. Hata hapa sokoni tuliwahi kuwa na msimamizi mkali, akaondoka tukashangilia, akaja mwingine kijana na msafi, na kabla mwezi haujaandama chai ya bure ikawa inatangulia mezani kwake bila yeye kuiomba. Sisi wenyewe tuliipeleka! Tulikuwa tumezoea kuogopa kiti, hatukujali nani amekikalia.

Sasa amri. Leo hii uache kunywa. Sisemi ulanzi wote, sisi wengine hatuunywi lakini siwezi kuwapangia watu wa Iringa. Nasema usiguse kikombe cha kazi ambayo hukushika jembe, kiwe cha kwanza au cha mwisho. Wakikuletea, sema asante, mpe aliyelima, na useme kwa sauti ili jirani asikie. Zile kofia kusanya. Mstari wa asubuhi vunja, wazee wa watu wapumzike magoti.

Kisha nenda kwa mjomba wako, mchana, na mama yako akiwa hai akae hapo hapo, maana kaka husikia zaidi mbele ya dada yake. Usiende kumtisha. Mwambie hivi: "Mjomba, barazani nitasimama mimi kwanza, nitasema kwamba mimi Edmund nimekinywa kikombe hicho, kwa Severina na kwa wengine, na kwamba habari ya Liberatus imetoka humo. Nikikaa chini, nafasi ni yako." Umeona? Ulikuwa unauliza utamwaibishaje mzee. Jiaibishe wewe, yeye ataona aibu hiyo haiui, pengine naye atasimama. Nimewaona wazee wagumu kuliko yeye wakisimama.

Na asiposimama? Utasema yote bila yeye, jina lake na la wenzake. Mjomba alikulea, haki yake ni kutunzwa uzeeni, apate blanketi, apate uji wa moto na mtu wa kumchekesha. Shamba la Liberatus halimo katika haki hiyo. Akikataa kuitwa mjomba mwite Mzee Sedekia, na uji umpelekee vile vile. Hasira ya ndugu hupoa, mahindi yaliyoachwa shambani hayarudi.

Mzagila naye usimwogope. Mwambie mbele ya baraza kwamba tangu siku hiyo habari ya mtu haipokelewi mpaka mtu mwenyewe aitwe, na aliyeileta amtazame usoni aiseme tena. Mwenye ugomvi na mtu, wa mpaka, wa mke au wa kikombe, mdomo wake usisikilizwe juu ya mtu huyo. Utaona habari zitakavyopungua! Njia ya mwongo ni fupi, ila huko kwenu mliitengenezea barabara. Atakasirika, najua, wakubwa hawapendi kujua kwamba waliamini uongo. Mwulize swali moja tu: watu wanaopeleka kikombe huku mikono inatetemeka, wanampenda au wanamvumilia? Na kwa upepo unaovuma nchini siku hizi, mtawala anayevumiliwa tu ajiangalie. Akikunyang'anya kazi, urudi nyumbani kichwa juu. Mtu aliyerudi hai kutoka Burma hafi kwa kukosa kofia.

Lakini sidhani atakunyang'anya. Alikuita akijua kuna kuoza. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha mahali penyewe, na wewe sasa unapajua vizuri kuliko wote, umekunywa hapo hapo.

Mwisho, Sajini, Liberatus akialika watu tena, wewe nenda na jembe. Medali ziache nyumbani. Ingia shambani kama wengine, palilia mpaka mtakapomaliza, na uimbe hata kama wimbo huujui. Severina atakuja na kikombe, na kwa mazoea ataanza kukielekeza kwako. Mwonyeshe aliyelima karibu na Liberatus. Zamu yako itafika. Ikifika, keti chini, pokea kwa mikono miwili, na ukinywe chote, maana hicho cha siku hiyo ndicho cha kwanza kitakachokuwa chako.