Jina langu linamzuia mjukuu kwenda China

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, umri wangu miaka sabini na tisa, nimeishi kuliko Mwingereza, nimeishi kuliko mkonge, nimeishi kuliko duka la kijiji na foleni zake za sukari, wake wawili nimewazika na wa tatu kakimbia mwenyewe, kwa hiyo usidhani mimi ni mtu wa kubabaika, ila jambo hili limenikaa kooni naomba unisaidie.

Tangu biashara iwe ruksa kaja hapa kijijini kwetu Sudi Mchina mmoja anaitwa Lin na mkewe, wananunua majongoo ya bahari, wanayakausha wanayapeleka kwao yakaliwe, na nyumba wanayokaa ni yangu, na Kiswahili chake nimemfundisha mimi, ndiyo maana anakisema vizuri. Mwaka juzi wakapata mtoto wa kiume siku ya Idi, baba mtu hajui hata ofisi ya vizazi iko upande gani wa Lindi mjini, nani kaenda kuandikisha, mimi. Karani kauliza jina la mtoto, nikasema Iddi, maana kazaliwa Idi na marehemu baba yangu alikuwa Iddi, jina la baba nikasema Lin, jina la babu, sasa mshauri, mtoto atakosaje babu, nikasema Bakari, yaani mimi. Cheti kikatoka Iddi Lin Bakari, muhuri umekolea, nikawapelekea, wakashukuru, kusoma hawakuweza.

Sasa mama yake Lin huko China yuko kitandani, anataka amwone mjukuu kabla hajafumba macho. Lin kapeleka cheti ubalozini kwao Dar es Salaam, karudi kanuna.

"Mzee, wanauliza Bakari ni nani."

"Si mimi hapa."

"Wanasema Bakari si baba yangu."

"Baba yako yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Basi nafasi ilikuwa wazi."

Hakucheka. Anataka niende kwa hakimu niape kwamba mimi si babu wa mtoto huyu, cheti kiandikwe upya. Mshauri, mtoto huyu nimemtafunia korosho kwa meno yangu haya yaliyobaki, neno lake la kwanza lilikuwa shikamoo na aliniambia mimi, wajukuu wangu wa damu wako Dar es Salaam hawaniamkii mpaka ufike msimu wa korosho. Nimekataa kuapa. Mke wa Lin ameacha kuniletea chai. Na nikishaapa, akapewa hati ya kwao akaenda, atarudi kwa nani?

Anayebisha niliyoyasema akamuulize Yustina mkunga aliyempokea mtoto, na Rafaeli mwenye gari la mihogo aliyenipeleka kuandikisha, wote wako hai na akili zao timamu.

Mzee Bakari Mchopa, Sudi

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Mwingereza umemshinda, mkonge umeushinda, sasa umeanza kushindana na bibi mgonjwa, naye maskini hajui hata kama kuna mashindano.

Nimewauliza wanaozijua safari hizi. Lin na mkewe wako huku kikazi, hawakuhamia moja kwa moja, kwa hiyo mtoto wao aliyezaliwa ugenini ubalozi unamhesabu wa kwao. Hagongewi viza kama mgeni, anapewa hati ya kusafiria. Lakini hati hiyo inatokana na cheti cha kuzaliwa, na cheti chako kinasema Lin ni mtoto wa Bakari wa Sudi. Ungekuwa wewe ndiye karani wa ubalozi, ukamtazama Lin usoni, ungefanyaje?

Tena wewe ni Muislamu, unajua kuliko mimi kwamba mtu huitwa kwa baba yake. Kulea kuna thawabu, kubadili nasaba hakuna. Imamu wako alijua unakwenda kuandikisha nini, au siku ile ulipita njia ya nyuma?

Najua kinachokuuma, nacho si jina. Unaogopa hatarudi. Basi jiulize: mtu aliyezuiwa na mwenye nyumba wake asimwone mama yake yungali hai, akishamaliza kulia atapanga tena nyumba ya nani?

Hakuna anayekutaka uape kwamba humjui mtoto. Utaapa tu kwamba hukumzaa Lin, na hilo hata wewe hulibishi. Nenda wiki hii kwa hakimu, kisha ofisi ya vizazi, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi za wazazi. Hilo la Iddi waachie wenyewe. Wakilipenda litabaki la nyumbani. Halafu waende ubalozini wote wawili, baba na mama, na pasi zao na picha ya mtoto, na wasikate tiketi kabla hati haijatoka. Wewe kaanga korosho, zifunge vizuri, mtoto ampelekee bibi yake, aambiwe zimetoka kwa babu wa Sudi. Korosho hazigongwi muhuri.

Mashahidi wako mimi siwahitaji, nimekuamini. Hakimu ndiye atakayewataka. Mchukue Yustina, mpande gari la Rafaeli. Njia anaijua, si ndiye aliyekupeleka kuharibu.