Ufa Niliouficha kwa Rangi

Babati

Mama Rehema mke wangu,

Kabla sijakuuliza hali, mtoe mama na watoto kwenye chumba cha nyuma leo hii. Walale sebuleni, hata kwa kubanana. Ukishawatoa ndipo ukae usome.

Haya, hamjambo? Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Kazi zipo. Tangu Babati iwe makao ya mkoa huu mpya kila ofisi inaleta gari, magari yanagongana, na sisi wapaka rangi tunakula. Gereji yetu iko huku Bonga, kando ya barabara ya Dodoma.

Sasa sikia kilichonipata. Kuna kandege kadogo ka watu wanaohesabu tembo, kanatua kwenye kiwanja cha majani nje ya mji. Fundi wake ni mama mmoja wa Arusha, tunamwita Mama Glory. Alifunga redio mpya, dashibodi ikachubuka, akaniletea bati lake limefunguliwa, matundu ya zile saa za kupimia yakiwa matupu. Akasema, "Fundi, hapa tu. Ifanane na pengine. Na isiwe ya kung'aa, jua litampiga rubani machoni."

Kijivu kile kilinitesa. Nilichanganya nyeupe na nyeusi, ikawa kama sufuria. Nikadondoshea njano kidogo, ikasogea. Rangi mbichi inadanganya, kwa hiyo kila nikichanganya napaka kwenye kibati cha kujaribia, nasubiri ikauke, nakiweka juu ya dashibodi, naangalia juani, halafu kivulini. Niliposhindwa kuona kibati kinaishia wapi, nikajua nimeipata.

Ila wakati napiga msasa niliona ufa kwenye kona, unatokea tundu la skrubu, mwembamba kama unywele. Nikafanya tunavyofanya kwenye gari. Nikaweka puti, ule udongo wetu wa kuzibia mabati, nikasugua, nikapaka. Mama Glory alipokuja akaligeuzageuza bati juani, akacheka. "Wewe mzee mchawi. Hata sioni ulipopita."

Na mimi kwa kujisifu nikasema, "Na ule ufa nao nimekumalizia."

Akaacha kucheka. "Ufa gani?"

"Ule wa kwenye kona."

"Kwangua."

"Mama, mbona nimeshau..."

"Kwangua, baba. Huo ufa ndio ungeniambia nyuma kuna kitu kimelegea kinatikisa. Umeuziba. Mimi ningefunga bati hivi hivi, na rubani angepaa na watu."

Nikakwangua, mafundi wenzangu wamesimama wananitania, "Ndege imemshinda, mrudishieni bajaji!" Mama Rehema, chini ya rangi ya zamani ufa ulikuwa unaendelea. Mimi niliona wa urefu wa kucha. Tulipomaliza ulifika urefu wa kidole. Hapo nikawa nauona ukuta wetu.

Ule ufa wa chumba cha nyuma ambao wewe uliniambia mvua za mwaka jana, nilikujibu nimeutengeneza. Sikuutengeneza. Niliujaza udongo na saruji kidogo, nikachanganya ile bluu ya ukuta mpaka ikafanana. Ukawaita majirani waje wautafute, wakashindwa, na mimi nikakaa pale nasifiwa. Kumbe nje nilishaona maji ya paa yamechimba msingi, tofali la chini linaning'inia. Niliona kwa macho yangu nikanyamaza, kwa sababu lifti ya kuja huku nilishaipata na sikutaka safari ivunjike. Nisamehe. Nimewalaza mama yangu na wanangu chini ya ukuta ambao mimi mwenyewe naogopa kuuegemea.

Dereva wa lori la mbao, huyu anayekuletea barua, ameniambia huko mvua zimeshaanza. Aliponiambia tu, nikakaa kuandika. Huko kwetu simu haijafika, ningepiga. Ameahidi kupita mpaka mlangoni.

Mwite kaka yako, yeye ni mwashi, ataelewa. Asiutafute kwa macho, hatauona. Aanzie kona ya chini ya dirisha, upande wa kitanda cha mama, agonge na kijiko akishuka. Pakilia kama debe tupu, ndipo hapo. Mlango uwe wazi, na wewe usimame nje. Ile rangi msiionee huruma.

Mama mwambie shikamoo, na mwambie ni mimi niliyekosa. Kaka yako msalimie, akinitukana ana haki. Yule jirani wa mashine ya kusaga aliyeusifia ukuta mbele za watu, naye mwambie ukweli. Watoto usiwatishe, sema baba amesema sebuleni kuna joto zaidi.

Dereva anapiga honi. Kama umesoma mpaka hapa na bado wamo mle ndani, nyanyuka.

Mimi mumeo,
Baba Rehema