Zamu ya Krismasi Niliyojipangia Mwenyewe

Mama Sonia mpendwa, ejok noi, kama tunavyosalimiana huku Turkana, na Bwana asifiwe. Nakusoma gazetini kila Jumamosi, leo nimeandika mwenyewe (majina nimebadilisha) maana hata kuomba siwezi, nikipiga magoti naona uso wa mama mkwe.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nafua mashuka hospitalini hapa Lodwar, lakini kwetu ni Kericho. Miaka kumi na tisa, kila Krismasi nilikuwa nasafiri na mume wangu Cornelius kwenda kwao, na huko mimi ndiye mke wa kifungua mimba, kwa hivyo naamka kabla ya jogoo, napikia watu arobaini, sufuria haijakauka chai imeitishwa, nakula nimesimama, narudi Lodwar nimechoka kuliko nilivyoondoka. Sasa mwaka juzi mwingine nilishikwa na homa nikabaki, na ile Krismasi, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Rafiki yangu Akuol alitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kibali chake cha kusafiri na mfuko wa vitabu, jirani yangu Abei muuza samaki akaja, tukakaa siku tatu mkekani, kila mtu miguu ndani ya beseni lake la maji kwa ajili ya joto, mimi na Akuol tunasoma kwa kupokezana. Abei hajui kusoma lakini ndiye hakimu: "Hiyo mwanaume iko mjinga! Ruka yeye, soma mama yake." Nilimaliza kitabu kizima, mara ya kwanza tangu nitoke darasa la nane.

Mwaka uliofuata nikamwambia mama mkwe nimepangiwa zamu ya Krismasi. Sikuwa na zamu. Mwaka jana nikasema tena. Cornelius alijua, anaenda peke yake, anawaambia "yuko kazini". Akuol naye alijua, tulikuwa tukicheka.

Wiki jana mama mkwe akapiga simu. "Mwanangu, kanisa zima tumefunga siku tatu tukikuombea upewe likizo. Wasipokupa, basi Krismasi itakuja kwako. Akina mama wamefuma kofia arobaini za watoto wachanga. Asubuhi ya Krismasi utanipeleka wodini, tuwavishe, tuombe." Kofia za uzi wa sweta, Lodwar! Lakini sikucheka. Anafika tarehe ishirini na tatu.

Nikakimbilia kwa Barasa, mwenzangu wa kufua, ambaye mwaka huu ndiye mwenye zamu ya kweli. Akaruka kwa furaha: "Mama, chukua na aproni kabisa! Mimi hapa niko Bungoma tayari." Anangoja nisaini tubadilishane. Nikawaza, nikisaini, uongo utakuwa ukweli. Ndipo nikampigia Akuol asije, maana mama mkwe akimkuta hapa na vitabu vyake ataanza kuuliza. Nikamwambia nina zamu.

Akauliza, "Zamu gani, dada? Ile ya mama mkwe?"

Nikasema hapana, hii ni ya kweli.

"Haya. Kibali nilishapewa. Nitarudisha." Akakata, na tangu hapo hapokei.

Mama Sonia, nisaini? Zimebaki siku kumi na moja.

Mama wa Beseni, Lodwar

*

Mama wa Beseni,

Barua yako nimeivusha foleni, maana basi la mama mkwe halitanisubiri. Usisaini.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Kupumzika si dhambi. Hata Mungu siku ya saba hakuwa kwenye masufuria. Ungesema, "Mama, nimechoka, mwaka huu nabaki," angenung'unika, mashemeji wangesema yao, na kufikia Pasaka yangekwisha. Wewe ukaona afadhali usingizie wagonjwa, na sasa watu wazima wameshinda njaa kwa ajili ya ratiba uliyoitunga kichwani. Aibu hiyo ni yako, ibebe. Ukisaini, yule mama atapiga magoti wodini kumshukuru Mungu kwa uaminifu wako. Utaitikia amina?

Na huyo Cornelius anayekwenda kula nyama na kusema "yuko kazini", mwambie nimemwona.

Lakini kilichonichoma ni Akuol. Mama mkwe ulimdanganya kwa kumwogopa. Akuol umempa uongo uleule aliokusaidia kuutunza, ukidhani hataufahamu. Mtu anayeomba karatasi ndipo aje kukaa mkekani kwako! Umemfungia mlango kwa sababu anajua ukweli.

Leo, kabla hujabandika chai, mpigie mama mkwe. Usizunguke na habari za mvua na barabara. Anza hivi: "Mama, sikuwa na zamu." Mweleze umechoshwa na nini na tangu lini. Akilia, ngoja. Akikata, piga tena. Cornelius akae hapo kando, azungumze baada yako. Usimzuie kuja.

Akuol hapokei simu, basi kesho panda gari uende Kakuma ukamtafute kabla hajarudisha kile kibali. Wewe huhitaji karatasi ya mtu.

Kofia zipelekwe wodini. Kichanga ni kichanga, hata Lodwar. Mkienda, mbebeeni Barasa chakula, ndiye atakayekuwa kazini kweli.

Na mama mkwe akiingia kwako, asikaribie jiko. Cornelius ana mikono, apike. Wewe ulipika Krismasi kumi na tisa ukaona zimekumaliza. Yeye alipika ngapi kabla yako, na nani alimwambia aketi?

Nunua beseni la nne.