Kipimaupepo Juu ya Paa

Pioneer, Eldoret
Novemba 1982

Mama mpendwa,

Sisi wazima, na mahindi tumevuna. Usishtuke: polisi waliniweka ndani kwa sababu ya kipimaupepo nilichofunga juu ya paa. Walidhani vile vikombe vinavyozunguka ni mtambo wa kupeleka siri kwa redio. Mengine nitakueleza nikija.

Jirani yetu, Mama Chelimo, alinifuata kituoni akawaambia, "Huyu mwalimu anapima upepo tu. Kama ni makosa, nifungeni na mimi, nilimsaidia kukipandisha." Wakacheka, wakaniachilia na kipimaupepo changu.

Tulipofika nyumbani nilitaka kukitupa. Yeye akaegemeza ngazi ukutani, akaishika, akasema, "Panda, mwalimu. Siachilii."

Nikapanda. Mama, unaponiombea, umtaje na yeye.

Mwanao,
Eliakim