Mji Kando ya Mto

Mume wangu mpenzi,

Mtoto kalala kifuani, nakuandikia kwa mkono mmoja. Katika mchezo wetu wa kompyuta wa kujenga dola, mji wa kwanza nimeuweka kando ya mto. Ramani yote bado ni ukungu, na nikisinzia nausikia mto ule humu chumbani.

Wewe unataka nitume walowezi mbali mapema. Sitaki. Mara ile waliondoka bila askari, wavamizi wakawamaliza. Kwanza mashamba na ghala. Wifi ananicheka: "Malkia, mwanao kalowa hapo kifuani pako!"

Ndiye aliyeniambia umeongeza mkataba wa kazi huko ugenini. Mbona hukuniambia mwenyewe? Sichezi zamu nyingine mpaka unijibu unarudi lini. Ukinyamaza, mimi na mwanao tutapanga maisha yetu bila kukungoja.

Mkeo akupendaye, usingizi ukimwelemea