Jike wa Nne

Thika, 4 Oktoba 1954

Dada yangu Njambi,

Kabla hujaendelea, nakusihi: usimsomee mtu barua hii, hata mama, na ukimaliza itie motoni. Nimempa Aketch, dereva wa lori la maziwa. Yeye ni Mjaluo, si Mkikuyu kama sisi, askari hawampekui sana. Mimi ni mzima. Kifua cha mama je?

Umeandika kwamba Muigai amekuposa, na kwamba wasichana wote wa shamba la kahawa wanamtaka. Njambi, usikubali. Jumatano askari walitupanga mstari, mtu aliyevaa gunia lenye matundu mawili ya macho akapita akitutazama. Alipofika kwa mzee Ephantus, mpishi wetu, aliinamisha kichwa, na mzee akapandishwa lori kama Mau Mau. Mimi nilikuwa natazama chini. Niliona kiatu cha yule wa gunia kimeshonwa kwa waya wa shaba. Kiatu hicho nilimshonea Muigai mimi mwenyewe Krismasi iliyopita, huku nikimsimulia habari za kulungu.

Utasema wasichana wote hawawezi kukosea. Wale kulungu ambao Bwana, mzungu wetu, aliwaleta kutoka Ulaya, nimeandika mienendo yao mwaka mzima. Jike hatazami pembe za dume, hutazama majike wenzake wamesimama wapi. Bwana alihamishia watatu kwa dume kilema, na kesho yake wa nne alikuwa huko. Yule dume mzuri alibaki peke yake.

Kaka yako,
Wainaina

Ruiru, 25 Oktoba 1954

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Mama anakohoa asubuhi tu. Barua imeungua. Kwa hiyo mimi ni kulungu, eeh? Nilicheka, kisha nikalia.

Kumkataa waziwazi niliogopa, angeuliza sababu. Kanisani wasichana huwa wanamzunguka. Nikawavuta Wamboi na Ngendo tukaketi karibu na Kaleli, yule fundi mwenye kigugumizi. "Huyu?" Wamboi akaninong'oneza. "Atamaliza kusema 'nakupenda' siku ya Pasaka!" Jana wasichana wengine wanne walitufuata. Muigai alibaki peke yake kwenye benchi.

Aliningoja mlangoni, hana hasira. "Nani amewafundisha hivi? Kaka yako bado anahesabu wanyama?" Alikuwa na viatu vipya.

Dada yako,
Njambi

Thika, 27 Oktoba 1954

Dada,

Mama apate nafuu. Kosa ni langu: ile habari ya majike watatu nilimsimulia mimi, kiatu chake kikiwa mkononi mwangu. Amejua kwamba hila hiyo imetoka kwangu. Kesho tunapangwa tena.

Usitumie posta. Mpe Aketch barua Jumatatu, akipakia maziwa karibu na stesheni. Juu ya bahasha andika Absalom, mlinzi wa zizi; jina langu lisionekane, wala lako. Ikirudi haijafunguliwa, usiniulizie kokote. Na kanisani usikae pembeni. Kaa katikati ya wenzako.

Kaka yako