Bosi Aliyejitoa Kwenye Ukaguzi

Sikia haya, ndugu yangu. Basi la kwenda mji wa Brandon, kule Kanada, lilikuwa limeshauacha mji wa Winnipeg, Orville Sigurdson ndani, simu ikalia: kuna mtu anafuta kwenye kompyuta mafaili ya wagonjwa wa zahanati zote kumi na tisa za shirika lao. Na kazi ya Orville ni kuyalinda!

Akajaribu kuingia kwenye mfumo kwa simu yake amzuie. Mfumo, ambao humkagua kila anayeingia na kumpa alama ya hatari, ukamkatalia. Simu mpya, intaneti ya basi, mtu yuko mwendoni: hatari tisini na moja kwa mia. Mara kumi na nne akajaribu. Kumi na nne!

Akampigia bosi, Corliss Penner. "Nifungulie, mafaili yanakwisha!"

"Tulia, mzee. Mfumo haumwonei mtu."

"Na huyo anayefuta ana hatari ngapi, mpumbavu wewe?"

Corliss akatazama kwenye kompyuta yake. "Sifuri."

Sifuri! Mwizi alikuwa ameingia kwa nywila ya Corliss mwenyewe. Bosi alikuwa amejitoa kwenye ukaguzi huo wa hatari tangu kiangazi, eti akiwa kwenye nyumba yake ya ziwani anachoka kuombwa namba ya uthibitisho huku anavua samaki.

"Basi ifunge akaunti yako!" Orville akabweka, abiria wote wakageuka.

"Nikiifunga, bodi ya shirika itajua nilijitoa kwenye ukaguzi."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake!

Sasa zahanati kumi na saba kati ya zile kumi na tisa hazina faili hata moja. Mwizi hajulikani. Orville kafukuzwa mchana huu, kwa sababu kwenye kumbukumbu za mfumo mtu wa hatari alikuwa yeye. Corliss ameteuliwa kuongoza uchunguzi. Wauguzi wanawauliza wagonjwa upya wanatumia dawa gani.